Jibu: Chama cha Wajapani na Wamarekani, mwaka mzima wanafanya nini?

Mkuu, umeuliza kama ukilipa ada ya chama cha Japani na Marekani hapo Los Angeles utapata watu wa biashara au utaishia kula sushi tu. Vyote viwili, ila inategemea mwezi.

Januari ni shinnenkai, karamu ya mwaka mpya. Nenda na kadi zako za biashara za kutosha. Ukipewa kadi, ipokee kwa mikono miwili, isome kwanza. Ukiisokomeza mfuko wa nyuma umeshaharibu. Msimu huohuo wanatwanga mochi: mchele wa kunata uliopikwa kwa mvuke unatiwa kwenye kinu, mmoja anapiga kwa nyundo ya mti, mwenzake anatia mkono kuligeuza donge kati ya pigo na pigo. Mimi siusogezi wangu pale!

Februari 19 usiende kutafuta wateja. Ni siku ya kukumbuka amri ya Rais Roosevelt wa Marekani ya 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, iliyosababisha watu wa asili ya Kijapani wapatao 120,000 kufungiwa kambini, wengi wao raia wa Marekani. Keti, wasikilize wazee.

Katikati ya mwaka ni mihadhara, chakula cha mchana na gofu, na dili nyingi huanzia hukohuko kwenye gofu. Kiangazi kuna ngoma za Obon, sikukuu ya Kibuddha ya kuwakumbuka waliokufa, na Agosti ni Nisei Week, tamasha la Wamarekani wenye asili ya Kijapani lililoanza 1934, pale Little Tokyo, mtaa wa Wajapani hapo Los Angeles. Desemba wanafunga na bonenkai, karamu ya kuusahau mwaka. Hiyo usiikose, mabosi huwa wamelegeza tai.