Idaho ndo wapi? Leo nawajibu

Mama mdogo shikamoo, na nyie wadogo zangu mliobaki kambi ya wakimbizi Nyarugusu, Tanzania, mambo vipi. Mmeniuliza tangu mwaka juzi Idaho ndo wapi, mbona kwenye muvi hatuioni, eti huko ni viazi tu? Leo niko ofu, nawajibu bila kuwaficha kitu.

Idaho ni jimbo la magharibi mwa Marekani, niko Twin Falls, kusini mwake, mji mdogo tu, sio ile Marekani ya maghorofa mnayoiwaza. Nafanya kiwanda cha jibini shifti ya usiku, usiku kucha kusimama kwenye baridi, nikitoka asubuhi miguu ina ganzi. Kima cha chini kisheria huku ni dola 7.25 kwa saa, kiwandani wanalipa zaidi ya hapo ila kodi ya nyumba inakomba, gari ni lazima maana daladala hakuna, hapo bado bima na bili, na hata ile tiketi ya ndege iliyotuleta ilikuwa mkopo, tumeulipa kidogo kidogo kila mwezi mpaka ukaisha. Kwa hiyo nikisema wiki hii sina, mama mdogo niamini, sina kweli.

Viazi ni kweli, karibu theluthi ya viazi vya Marekani nzima vinatoka huku. Ila mimi kilichonishangaza ni maji. Kuna maporomoko yanaitwa Shoshone, yanashuka kama mita 65, yanaipita Niagara kwa urefu, theluji ikiyeyuka yananguruma mpaka unamsemesha mwenzako kwa ishara, halafu rudi mwezi wa nane ukute mwamba mkavu na kamchirizi pembeni, kwa sababu mto Snake wameuzuia huko juu kwa bwawa la Milner tangu 1905, maji yanapita mifereji yanaenda mashambani. Bila ile mifereji huku ni vichaka na vumbi basi.

Na kuna kamji kanaitwa Arco, mwaka 1955 kaliwashwa taa zote kwa umeme wa nyuklia, kwa saa moja na ushee hivi. Na mwaka 1948 idara ya wanyamapori ya Idaho walidondosha biva 76 kwa parachuti, yule mnyama wa mtoni anayekata miti kwa meno, wakampeleka porini akatengeneze mabwawa. Alikufa mmoja tu!

Lakini nilichotaka kuwaambia hasa ni kambi. Ndiyo, kambi, nusu saa kwa gari kutoka kwangu, inaitwa Minidoka. Mwaka 1942, baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, bandari ya jeshi la Marekani, Rais Roosevelt alisaini amri, watu wenye asili ya Kijapani wakatolewa majumbani kwao Seattle na Portland, wengi wao wamezaliwa humuhumu Marekani, wakaletwa kwenye hili vumbi, wakazidi 9,000. Nyumba za mbao zimefunikwa karatasi la lami, familia nzima chumba kimoja, choo cha kuchangia, chakula kwa foleni. Niliposoma habari ya hiyo foleni nikakaa chini. Mimi najua mtoto anavyoibana kadi ya chakula kiganjani mpaka inalowa jasho, isije ikapotea ikawa mwezi mzima wa kilio.

Hao watu ndo waliwavunia wakulima wa huku viazi na bitiruti za sukari, na vijana wao wengi wakaingia jeshi la Marekani wakati wazazi wao wako ndani ya senyenge, majina yao yamewekwa ubaoni pale getini. Serikali ilikuja kuomba radhi 1988, waliokuwa bado hai wakalipwa dola 20,000 kila mmoja.

Kambi yao ilifungwa 1945, ilidumu miaka mitatu. Nyarugusu ipo tangu 1996, mimi nimezaliwa humo na nyie bado mko humo, na hilo linaniuma kila nikipita ile barabara.

Pale getini Minidoka, jirani na ule ubao, hao watu walitengeneza bustani, wakapanga mawe meusi ya volkano, mengine bado yapo. Nilishika jiwe moja, lina vitundu vitundu, limepata moto wa jua. Nikakumbuka mchicha wako mama mdogo, nyuma ya nyumba, ule uliokuwa unaumwagilia maji ya kuoshea vyombo na hutaki mtu aukanyage. Bado unaupanda?