Barua kwa mwanangu aliyeko Freiburg

Mwanangu,

Marahaba. Najibu kwa kalamu maana kwenye simu unanikatiza. Umeniuliza kama kesi ya yule liwali wa Alsace, Peter von Hagenbach, ambaye mlipelekwa Breisach kuona mahali alipohukumiwa, ilikuwa ya haki.

Nimemsoma huyo bwana wiki nzima. Kabaila wa kule kule, akapewa uliwali baada ya mtawala wake, Sigismund wa Austria, kuiweka nchi rehani kwa mtawala mwenzake, Charles wa Burgundy, mwaka 1469, kwa florini 50,000. Nchi nzima, watu na mizabibu yao, rehani kama saa ya mkononi! Charles akataka mapato, Hagenbach akamtoza kila mnywa mvinyo, wenyeji wakaiita kodi hiyo "senti mbaya". Mji wa Thann ulipogoma mwaka 1473, akakata watu vichwa. Pasaka iliyofuata, askari wake mwenyewe wa kukodiwa, ambao hawajalipwa, ndio waliomgeuka pale Breisach.

Hapo nilicheka peke yangu hadi mama yako akachungulia. Mgambo asiyelipwa namjua mimi.

Mwaka 1996, wewe ukiwa bado wa kubebwa mgongoni, nilikuwa mtendaji wa kata. Ikaja amri: kodi ya maendeleo ikamilike kabla ya Ijumaa, asiye na stakabadhi achukuliwe mali. Yule mzee fundi wa sokoni, ambaye mnanicheka kwamba nikisimama kumsalimia chai inapoa nyumbani, alikuwa anashona chini ya mwembe. Stakabadhi hana. Nikaamuru cherehani ibebwe. Chini ya sindano kulikuwa na sketi ya shule, ya bluu, pindo limefika nusu. Aliomba amalizie pindo tu. Nikamwambia, "Mzee, mimi nimetumwa." Akachomoa sketi, uzi hakuukata. Basi uzi mweupe ukawa unajifungua nyuma yetu, mgambo mbele na cherehani begani, mimi na kitabu cha stakabadhi, watoto wakiukanyaga hadi ulipokatika wenyewe karibu na kisima.

Nimetumwa. Ndilo neno alilolisema Hagenbach mbele ya waamuzi 28, tarehe 9 Mei 1474: askari humtii bwana wake, basi aulizwe Charles. Hawakumngoja Charles. Wakamtia hatiani kwa kuua, kubaka na kuvunja kiapo, wakamvua cheo na kumkata kichwa siku hiyo hiyo.

Mnajua ninavyosema siku zote: amri haina mikono. Hata mahakama ya Rwanda, iliyokaa hapa hapa Arusha, sheria yake ilikataa kwamba kutumwa kunamfutia mtu hatia. Kuliweza kumpunguzia adhabu tu. Miaka mia tano na ushee baadaye, wakarudi kwenye neno lile lile.

Lakini ngoja. Waamuzi wale walitoka kwenye miji iliyomchukia, na walikuwa wamemtesa kabla hawajamsikiliza. Tena miji hiyo ndiyo iliyochanga fedha za kuikomboa rehani, Charles akakataa kuzipokea. Mdai anakuwaje hakimu? Hiyo si haki, hata mtoto anaona. Lakini wale wa Thann nao walisikilizwa na nani? Naona nakwenda mbele nikirudi nyuma. Amri haina mikono, hilo silirudishi.

Kodi ile ilipofutwa mwaka 2003, niliikuta cherehani stoo, imeshika kutu. Nikaibeba mwenyewe, mchana, watu wanaona. Mzee akasema, "Weka hapo, bwana mtendaji." Akaipangusa kwa kanga kuukuu, akaangalia mahali pa sindano. Sindano haikuwepo. Akaniuliza habari za nyumbani, akaniuliza na habari zako wewe, kwa jina. Angenitukana ningelala. Hadi leo hajalitaja, nami kila Jumamosi nasimama pale nikimngoja alitaje.

Sasa unataka niseme ndiyo au hapana. Hapa chini nilikuwa nimeandika neno moja, nikalifuta kwa wino. Usiinue karatasi kwenye mwanga.

Baba yako