Maswali ya Wasomaji: Malaria Imepona, Nipande Amani?

SWALI: Salaam, wahariri. Ni fundi cherehani hapa Chumbageni, Tanga, mwanamume wa miaka 34. Wiki tatu zilizopita niliruhusiwa kutoka hospitali baada ya malaria kali. Nilichomwa sindano za artesunate, kisha nikamaliza dawa ya mseto. Homa sina, na chakula kinapita. Wenzangu wanapanga kutembea siku nzima msituni Amani, kilomita kama 20, na wanasema jasho ndilo litanirudishia nguvu. Niende?

JIBU: Pole sana kwa kuugua. Safari hii waache waende, wewe jipe wiki sita.

Vijidudu vya malaria hupasua chembe nyekundu za damu, ambazo ndizo zinazopeleka oksijeni kwenye misuli. Homa hukatika kwa siku chache, lakini damu hujijenga kwa majuma. Kwako kuna jambo jingine ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi: baada ya sindano za artesunate, kati ya siku ya 7 na ya 30, chembe hizo kwa baadhi ya watu huvunjika tena hata kama vijidudu vimekwisha. Bado umo ndani ya siku hizo. Kapime wingi wa damu wiki hii, na urudie wiki ijayo. Mwanamume akiwa chini ya gramu 13 kwa desilita ana upungufu wa damu, na mlima si mahali pake. Ukiona mkojo mweusi kama chai ya rangi, au macho ya manjano, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kula dagaa, maini, maharage na mchicha, na umalizie kwa chungwa la Muheza, maana husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai huyazuia, kwa hiyo isubiri saa nzima baada ya mlo. Tunajua kwa mtu wa Tanga hilo ni gumu.

Damu ikiwa sawa, anza tambarare kule Raskazone, saa 12 asubuhi kabla ya jua kali. Tembea dakika 20, kesho yake pumzika. Ongeza dakika 10 kila baada ya matembezi mawili, ilimradi unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukata pumzi. Kabla ya kuinuka kitandani hesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja. Yakizidi ya kawaida yako kwa 10, siku hiyo usitoke. Homa ikirudi, pima. Usimeze mabaki ya dawa.

Ukimudu saa mbili, sasa nenda Amani, ila si kilomita 20. Anzia chini, Sigi, upande kwa saa moja na nusu, kisha ugeuke hata kama unajisikia vizuri. Wengi huogopa kupanda, kumbe kushuka ndiko humshinda aliyetoka kitandani: kila hatua paja huzuia uzito wa mwili mzima, na misuli iliyolala imepungua. Magoti yakianza kutetemeka, kaa dakika 10, kwa sababu hapo ndipo mguu huteleza kwenye mizizi yenye unyevu. Shika fimbo, piga hatua fupi.

Begi lisizidi kilo 4: maji lita 2, tende, mihogo ya kuchemsha, koti la mvua, pakiti mbili za ORS. Na wewe ndiye utangulie, kundi lifuate mwendo wako. Ukiwa wa mwisho, wenzako hukusubiri wakapumzika, nawe ukifika tu wanainuka. Kutwa nzima hutapumzika hata mara moja.

SWALI: Malengelenge ya miguuni niyatoboe? (Msomaji, Pangani)

JIBU: Dogo lisilouma liache, funika kwa plasta. Lililojaa likauma, osha kwa sabuni, toboa pembeni kwa sindano iliyopitishwa kwenye spiriti, kamua maji, na ngozi ya juu usiibandue. Njiani, ukihisi joto sehemu moja ya mguu, vua kiatu hapohapo ubadili soksi.