Nimemaliza KLF: nisome sheria pamoja na Kifaransa?

SWALI: Shikamoo wakili. Nimemaliza kidato cha sita, tahasusi ya KLF (Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa), na nataka kusomea sheria. Mjomba anasema nikiendelea na Kifaransa nitapoteza muda. Nimeona vyuo vya Uingereza vinafundisha sheria na Kifaransa kwa miaka minne. Inafaa? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, binti yangu. Kifaransa usikiache, ila jina la kozi lisome kwa makini. Huko Uingereza kuna "Sheria na Kifaransa", na kuna "Sheria na Sheria ya Ufaransa". Ya kwanza kwa kawaida ni sheria ya Uingereza, na lugha inasomwa pembeni. Ya pili inakufundisha sheria ya Wafaransa yenyewe, na mwaka mmoja unakaa chuoni Ufaransa. Ndiyo maana miaka inafika minne badala ya mitatu.

Tofauti hiyo si ndogo. Niliwahi kuletewa tafsiri ya hati iliyotoka Bujumbura, imeandikwa kwamba aliyesaini ni "hakimu". Tukadhani tumeshika amri ya mahakama. Nilipoomba hati yenyewe nikakuta neno "magistrat", na kwa Kifaransa neno hilo linamhusu jaji na mwendesha mashtaka pia. Aliyesaini alikuwa mwendesha mashtaka! Mtafsiri alikijua Kifaransa vizuri sana. Asichokijua ni mahakama zao. Vivyo hivyo "jurisprudence": kwao ni maamuzi ya mahakama, kwetu ni somo la nadharia ya sheria.

Kazi ipo. Kongo ya Kinshasa (DRC) iliingia OHADA, jumuiya ya sheria za biashara, mwaka 2012, na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mkataba wa OHADA unakubali Kiingereza, lakini tafsiri zikigongana, Kifaransa ndicho kinachoshinda. Mzigo wa Lubumbashi ukipotelea njiani kutoka bandari ya Dar, mteja anamtaka wakili anayeweza kusoma karatasi za pande zote mbili.

Ungekuwa mwanangu, ningekushauri uanze na LLB, yaani shahada ya kwanza ya sheria, hapa nyumbani. Ukirudi na shahada ya Uingereza, bado itabidi itambuliwe na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), na sheria zetu za ardhi na ndoa utazikuta zinakusubiri. Jioni nenda Alliance Française, kituo kinachofundisha Kifaransa, ufikishe cheti cha Kifaransa cha DELF B2 kabla ya kuhitimu, kisha shahada ya pili kaisomee Ufaransa. Kama familia ina uwezo na unataka kwenda Uingereza sasa hivi, chagua ile kozi ya pili.

Wakati unasubiri chuo, tafuta kifungu cha 258 cha sheria ya mikataba na wajibu ya Kongo, ya mwaka 1888. Ni sentensi moja tu: anayemdhuru mwenzake kwa kosa lake, amlipe. Sisi jambo hilohilo tunalijenga kwa kesi juu ya kesi, tangu kesi maarufu ya uzembe ya Donoghue v Stevenson ya 1932 na kabla yake. Visome vyote viwili, kisha mweleze mjomba kwa Kiswahili vinatofautiana wapi.