Kwa anayeanza kuiga kumeguka kwa barafu kwa kompyuta

Ushauri wangu wa kwanza kwako unayeingia katika kazi hii ni kwamba usianze na barafu iliyomeguka. Anza na ile iliyokataa kumeguka. Wengi huvutiwa na Julai 2017, pale siwa barafu A68, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 5,800, lilipojitenga na Larsen C, bamba la barafu linaloelea baharini huko Antaktika, nao hutaka modeli yao irudie tukio hilo mara moja. Kulirudia si kazi: ukilegeza kigezo kimoja au viwili, barafu itakatika popote utakapo. Kazi ni kueleza kwa nini mpasuko uleule uliolitenga siwa hilo ulizuiwa kwa muda mrefu na mikanda ya barafu laini inayounganisha mikondo ya barafuto (mito ya barafu itiririkayo polepole) tofauti, kisha ukaruka kilomita nyingi kwa muda mfupi. Modeli isiyoweza kueleza kusimama huko haijatufundisha chochote kuhusu kupasuka, hata ikiwa ramani yake ya mwisho inafanana na picha ya setilaiti.

Fahamu mapema kwamba barafu ina tabia mbili. Kwa miaka hutiririka polepole kwa sheria ya Glen, ambayo kwayo mkazo (nguvu kwa kila kipimo cha eneo) ukiongezeka maradufu, kasi ya kunyumbuka huongezeka takriban mara nane. Lakini kwa sekunde na dakika hupasuka. Programu kubwa kama ISSM, Elmer/Ice na PISM zimejengwa hasa juu ya tabia ya kwanza, na kumeguka huingizwa humo kwa kanuni ya ziada. Modeli za chembe, ambamo barafu ni vipande vingi vilivyoungwa kwa viungo vinavyoweza kukatika, huonyesha kupasuka vizuri sana, ila haziwezi kukufikisha karne moja mbele.

Kabla ya kugusa data yoyote, fanya hesabu hii kwa mkono. Chukua bamba lenye unene wa mita 300 linaloelea bila kubanwa na kingo, barafu ikiwa na densiti ya kilo 917 kwa mita ya ujazo na maji ya bahari 1,028. Kwa kanuni ya Nye, ambayo kwayo ufa hukoma pale nguvu inayouvuta inapolingana na uzito wa barafu unaoubana, nyufa za juu zitashuka mita 16 hivi, na zile za chini, zinazosaidiwa kufunguka na shinikizo la maji ya bahari, zitapanda mita 134 hivi. Jumla ni nusu ya unene. Programu yako isipotoa nusu hiyo, tafuta hitilafu kwanza. Matokeo hayo pia yanakuambia kwamba kanuni hiyo, ikitumiwa hivyo peke yake, hailikati bamba. Maji ya kuyeyuka yakijaa katika ufa wa juu, mambo hubadilika, kwa kuwa maji ni mazito kuliko barafu na huweza kuusukuma ufa hadi chini kabisa. Madimbwi ya maji hayo yalienea juu ya Larsen B, bamba jingine la Antaktika, kabla ya kuvunjika mwaka 2002, kwa hiyo usichukue vigezo vilivyofaa huko ukavipeleka kwenye bamba kavu.

Jambo linalohitaji subira kuliko yote ni wavu wa hesabu, yaani vipande vidogo ambavyo kompyuta huigawia barafu ili kuikokotoa. Kwenye ncha ya ufa, nadharia inasema mkazo hupanda kadiri unavyoikaribia, bila kikomo. Maana yake ni kwamba ukipunguza ukubwa wa matundu ya wavu kwa nusu, mkazo unaousoma hapo huongezeka kwa asilimia 40 hivi, na kizingiti cha mkazo ulichokisawazisha jana hakifai tena leo. Endesha kila jaribio kwa nyavu zisizopungua tatu. Mahali pa kukatika pakihamahama, unachokitazama ni wavu, si barafu. Mimi hupendelea vipimo vya nishati inayoachiliwa ufa unaporefuka, kwa sababu haviyumbishwi kirahisi na wavu.

Kuhusu data, jihadhari na unene. Mara nyingi hukokotolewa kutokana na kimo cha barafu juu ya maji, na kosa la mita moja katika kimo hicho huwa mita tisa katika unene. Tena hesabu hiyo hudhani kwamba kila sehemu inaelea kwa uhuru, dhana isiyofaa karibu na mpasuko.

Mwisho, usipime uzito wa tukio kwa eneo lililomeguka. Barafu inayoelea haiinui bahari moja kwa moja. Kazi yake ni kuzuia barafu ya nchi kavu iliyo nyuma yake. Larsen B ilipotoweka, barafuto za Crane na Hektoria ziliongeza kasi sana, ilhali Flask na Leppard, zilizobaki zimezuiwa na kipande kilichosalia, hazikubadilika sana. Kwa hiyo, kando ya kila ramani ya kumeguka, andika pia kasi ya barafu kwenye mstari inapoacha mwamba na kuanza kuelea, kabla na baada ya tukio.