Kupima mradi wa ajira kwa vijana wa Masasi

Ndugu yangu, umeuliza utajuaje kama mradi wenu wa ajira na ujasiriamali kwa vijana wanaoishi katika mazingira magumu huko Masasi umefaulu, ilhali mfadhili anataka ripoti Desemba. Usipime Desemba pekee: ni msimu wa korosho, fedha za minada zimeingia vijijini, na hata fundi mwenye cherehani mbovu hupata wateja. Warudie Aprili uone nani bado anafungua kibanda. Idadi ya vyeti haitoshi, ingawa hupendeza pichani. Linganisha na walioomba wakakosa nafasi, kisha watafute walioacha katikati, hasa mabinti wenye watoto wachanga, kwani mara nyingi wao ndio wanaojua mradi ulikosea wapi. Muulize kila mmoja aliuza nini wiki iliyopita, si mapato ya mwaka mzima, ambayo wasioweka daftari hukisia tu.