Maswali ya Wasomaji: Msumeno wa Mkanda wa Zamani, Ninunue au Niuache?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni seremala. Nimeonyeshwa msumeno mkubwa wa mkanda wa zamani, yaani ule ambao ubao hukatwa na mkanda wa chuma wenye meno unaozunguka juu ya magurudumu mawili, wenye magurudumu ya kipenyo cha milimita 900 na fremu ya chuma cha kusubu, ambao mwenyewe anauuza kwa bei ya chuma chakavu kwa kuwa haujawashwa kwa miaka mingi. Je, niuchukue, au ninunue mdogo mpya?

JIBU: Ndugu msomaji, uchukue, mradi magurudumu yawe mazima. Hilo lithibitishe kabla hujalipa chochote, kwa sababu karibu kila kitu kingine katika mashine hiyo hutengenezeka, lakini gurudumu la chuma cha kusubu lililopata ufa halifai tena kuzungushwa kwa kasi, hata likilehemiwa na fundi hodari.

Lining'inize gurudumu, livue mpira unaofunika ukingo wake, kwa kuwa mpira huzima sauti, kisha gonga kila spoki taratibu kwa nyundo ndogo ya mbao. Spoki nzima hulia kama kengele, na yenye ufa hutoa mlio mfupi mzito ambao hutausahau ukishausikia. Likisharudishwa mahali pake, shikilia ncha ya penseli karibu kabisa na ukingo, ulizungushe kwa mkono na utazame kama uwazi ulioko kati yake unapanuka na kupungua. Ukibadilika waziwazi, huenda shafti imepinda au beringi zimelika.

Beringi zilizolika zisikutishe. Mashine nyingi za enzi hizo hazina gololi. Shafti hulala juu ya madini laini yenye bati au risasi, nayo huyeyushwa na kumiminwa upya. Kazi hiyo mpe anayeijua, kwani tone moja la maji ndani ya kalibu laweza kurusha madini ya moto usoni. Rangi ya zamani nayo huenda ina risasi, ambayo vumbi lake ni sumu, kwa hiyo usiikwangue kavu.

Faida yake kubwa imo katika ukubwa wenyewe. Mkanda ukipita juu ya gurudumu kubwa haupindwi sana, hivyo hauchoki upesi. Kanuni ya mafundi ni kwamba unene wake usizidi sehemu moja kati ya 1,000 ya kipenyo, yaani milimita 0.9 kwa mashine yako. William Newberry alipata hataza ya msumeno wa namna hii mjini London mwaka 1808, lakini mikanda ya wakati ule haikudumu, hasa kwenye kiungo, hadi Anne Paulin Crépin wa Ufaransa alipopata hataza ya njia bora ya kuunga ncha zake mwaka 1846.

Kuhusu umeme, soma kibandiko cha mota, kwa kuwa nyingi huhitaji umeme wa fezi tatu, yaani ule wa viwandani, si ule wa kawaida wa nyumbani wa fezi moja. Kama huna, kifaa cha kubadili umeme wa fezi moja kuwa wa fezi tatu kitakusaidia, au ubadilishe mota yenyewe. Kabla ya kupasua gogo la kwanza, tengeneza vifuniko vya magurudumu yote mawili pamoja na kinga ya mkanda, maana mashine nyingi za zamani hazikuwa navyo. Ukizima mota, magurudumu mazito kama hayo huendelea kuzunguka kimyakimya kwa muda mrefu, na mkanda bado unakata: usiusogelee mpaka uone kwa macho yako kwamba umesimama.